Miguno ya Wageni na Jiko la Bi Sikudhani

Nchi yenyewe sitaitaja. Hata nikiitaja haitaitika, maana siku hizi inawaitika wageni tu. Wewe msomaji kaa hapo ulipo, usigeuke kutazama kama ni kwenu. Kwenu mambo haya hayawezi kutokea, nami nayasimulia ili upate kumshukuru Mungu kwa viongozi aliokupa.

Sisi tuligundua kwamba hatuna dhahabu. Wataalamu walichimba wakapata maji, tena ya chumvi. Ndipo Mkuu wa Nchi akatoa hotuba ndefu, watu wakasinzia wakaamka wakamkuta bado yuko kwenye utangulizi, na mwishowe akatangaza kwamba utajiri wetu ni nyumba zetu. Alisema duniani kuna watu waliochoka kupikiwa. Wanakaa katika mahoteli, wanaletewa kila kitu, na mioyo yao inasononeka kwa kuwa hakuna anayewaruhusu kumenya kitunguu. Wakipewa nyumba yenye jiko, kitanda na ufunguo, wakaachwa wajipikie wenyewe, watakuja kwa maelfu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, na methali hiyo ikapandishwa cheo siku ileile, ikawa kaulimbiu ya taifa. Ile nyingine, ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu, Bunge liliifuta kwa kauli moja. Mbunge pekee ambaye hakuunga mkono alikuwa chooni, na aliporudi aliomba radhi.

Ikaundwa Wizara ya Matakwa ya Wageni, akapewa Mheshimiwa Daktari Makubuli, mtu mwenye sauti nzito na shingo ya kuibeba. Kazi yake ilikuwa moja: kujua mgeni anataka nini katika nyumba ya kujipikia. Wengine tulidhani angewauliza. Yeye alicheka.

"Raia wenzangu," alituambia uwanjani, "mgeni ukimwuliza anataka nini, atakujibu hakuna shida. Huo ni uungwana wake, na uungwana hauna takwimu. Ukweli wa mgeni uko katika mguno. Akiwa peke yake jikoni, akashika kitu, akakiangalia, akaguna, hapo ndipo nafsi yake imesema. Serikali yenu itausikia mguno huo, na itautungia sheria."

Basi kila mtaa ukapata Msikilizaji wa Miguno. Alipewa sare, kigoda, na ruhusa ya kukaa chini ya dirisha la jiko lolote. Wetu aliitwa Bwana Ngwatu, mpiga tarumbeta mstaafu. Sikio lake moja lilikuwa limeziba, lakini lile la pili lilikuwa na cheti.

Mguno wa kwanza ulikuwa wa kisu. Mgeni mmoja alijaribu kukata nyanya, nyanya ikapasuka, akaguna. Juma halijaisha magari yakapita kukusanya visu vyote vikali vya raia na kuvipeleka katika nyumba za wageni. Tukabaki na vijiko. Kitunguu kinakatika kwa kijiko, ukikivumilia.

Ukaja mguno wa mfuniko usiolingana na sufuria, mifuniko yetu ikaenda. Ukaja wa mto, maana mgeni hutaka miwili, mmoja mgumu na mmoja laini, achague. Mito ikaenda. Mgeni mwingine aliguna jogoo alipowika, na majogoo wote wa wilaya wakapakiwa wapelekwe mafunzoni. Hatujapata habari zao. Mwingine akaguna alipokutana macho na jirani, nasi tukaagizwa kutembea tukitazama chini. Nilipata kuzijua nyayo za watu wa mtaa wangu vizuri, hasa za mama mkwe wangu, ambaye kumbe ana vidole vya kupendeza.

Lakini mguno uliotugusa zaidi ulikuwa wa mgeni aliyeamka asubuhi akamkuta mwenye nyumba jikoni anachemsha chai. Siku hiyo Bwana Ngwatu alikimbia hadi kiatu kikamvuka. Ikatungwa Sheria ya Jiko: jiko la nyumba ya kujipikia halitaguswa na mkono wowote usio wa mgeni, na mwenye nyumba atahamia nyuma, mahali ambapo haonekani, hasikiki wala hanukii.

Ndivyo jirani yangu Bi Sikudhani alivyohamia banda lake la kuni.

Nyumba yake na yangu zimepakana ukuta. Ya kwake ilijengwa na mumewe, Mzee Machaku, fundi mwashi. Jiko pia alilifinyanga yeye, la udongo, mafiga matatu na tundu la moshi lililotazama mashariki, kwa sababu mkewe hapendi moshi wa machoni. Kamati ya wizara ilipoliona jiko hilo ilisema ni hazina, na nyumba ikachaguliwa papo hapo. Mzee Machaku wakati huo alikuwa mgonjwa, hageuki kitandani bila kugeuzwa. Walimbeba na godoro lake wakamlaza kati ya magogo. Mlango wa mbele ukatiwa kitasa kipya. Ufunguo wa zamani Bi Sikudhani aliufunga kwenye pindo la kanga yake, na hakuna aliyemwuliza, maana haukufungua tena kitu chochote.

Wageni walikuja. Wakiondoka, hakuna aliyesoma maelekezo yaliyobandikwa mlangoni. Kila mmoja alisimama barazani na begi lake akauliza, "Ufunguo niuache wapi?" Na Bwana Ngwatu kutoka dirishani akamjibu, "Chini ya chungu cha maua, mheshimiwa." Swali hilo tulilisikia mpaka kasuku wa jirani yetu Mama Semeni akalijua, naye akapelekwa mafunzoni.

Mzee Machaku alikuwa akilala akisikiliza.

"Mke wangu," alimwuliza siku moja, nami niko upande wa pili wa ua, "hapa tuko kwetu au kwa watu?"

"Kwetu."

"Mbona nasikia samaki anakaangwa na sijaitwa?"

"Ni wageni, mume wangu."

"Wanageuza mapema mno," akasema. "Atavunjika huyo."

Alifariki mchana mmoja, wageni wakiwa ndani wanasonga ugali kwa mara ya kwanza maishani mwao, wakicheka. Bi Sikudhani alikuja ukutani kwangu. Alizungumza kwa sauti ya mtu anayeazima chumvi.

"Machaku ameondoka."

Nilimshika mkono. Nilimwambia alie, asijizuie.

"Wageni wakishakula hulala kidogo," akasema. "Nitawaamsha."

Hakulia. Mito ya kulilia nayo ilikuwa imeshachukuliwa. Tulimwosha mzee bandani, tukamtoa kwa uchochoro wa nyuma, tukamzika tukinong'ona. Bwana Ngwatu alivua kofia ya sare akashika jeneza upande mmoja hadi makaburini. Alikuwa rafiki wa marehemu. Kisha akaivaa tena, akarudi kwenye kigoda chake, kwa sababu saa ya chai wageni huguna sana.

Hapa sina budi kukueleza mila yetu, maana kwenu huenda ni tofauti. Kwetu nyumba ikifiwa, jiko lake huzimwa. Majirani ndio hupika. Chakula hupelekwa mlango wa mbele, mlango ambao marehemu alizoea kuutumia, kikawekwa kizingitini. Hupigi hodi, husalimu. Unaketi barazani juu ya jamvi, unanyamaza. Mnakaa hivyo mpaka mjane mwenyewe awashe jiko la nyumba hiyo kwa mkono wake, apike uji wa mtama, awape waliokaa naye. Uji ukinyweka, jamvi linakunjwa, matanga yameanuliwa, na marehemu anaenda zake kwa amani. Kabla ya hapo tunasema amesimama mlangoni, hawezi kuingia wala kutoka. Na kuna jambo la pili: mkono unaowasha moto wa uji huo, si moto mwingine wowote, ndio mkono wa mwenye nyumba. Zamani mawifi walipigania kiberiti hata kabla maiti haijatoka.

Tungefanyaje? Sheria ilikataza kelele, haikukataza mila. Mimi nilipeleka kande. Mama Semeni alipeleka wali na maharage. Tukaweka pale mahali pa kuweka, kwenye mlango wa mbele, tukaketi barazani tukitazama chini, jambo ambalo tulikuwa na mazoezi nalo.

Mlango ukafunguka. Mgeni mwanamume akaona sufuria zinatoa mvuke. Akamwita mkewe. Wakazipeleka ndani wakala, wakatoka na sahani mkononi kuja kututazama. Bi Sikudhani alikuwa katikati yetu, kanga kichwani. Tuseme nini? Mtu akishalamba kijiko, humwambii kwamba hicho kilikuwa chakula cha msiba.

"Hawa ni nani?" mke wa mgeni alimwuliza Bwana Ngwatu.

Ngwatu aliivuta kofia yake chini. Angesema kweli, mgeni angeguna, na mguno wa msiba ungezaa sheria ya kutokufa.

"Ni sehemu ya huduma, mama," akasema.

Yule mama akatutazama mmoja mmoja. Kisha akashusha pumzi. Haikuwa kuguna. Ilikuwa "aah" ndefu, ya mtu aliyevua viatu vilivyombana. Tangu wizara iundwe, sauti kama hiyo haikuwahi kuripotiwa popote nchini.

Mheshimiwa Makubuli alifika na msafara. Alilizunguka jamvi letu, akanusa kande, akapanda juu ya kiti.

"Tumewapa wageni visu, mifuniko na mito," alisema. "Tumewanyamazishia majogoo. Bado waliguna. Leo mtaa huu umetufunulia siri. Mgeni wa kujipikia, ndugu zangu, anataka kupikiwa, ila asijue nani amempikia. Anataka kukaa na watu, ila wasimsemeshe. Na anataka kuhisi kwamba pametokea jambo kubwa, ila lisimhusu."

Tukapiga makofi, kimyakimya.

Ikawa amri. Kila nyumba ya kujipikia iwekewe chakula mlangoni bila hodi, na barazani wawepo Wakaaji Rasmi, wenye huzuni ya wastani. Maofisa walitumwa kutupima huzuni. Mama Semeni aliambiwa apunguze. Mimi niliambiwa niongeze. Uso wa Bi Sikudhani ulisifiwa na kamati nzima, akateuliwa Mkaaji Mkuu, na picha yake ikabandikwa uwanja wa ndege juu ya maneno *Mgeni Njoo*.

Siku ya uteuzi wake alimwendea Waziri.

"Mheshimiwa, nashukuru. Naomba jambo moja. Niruhusiwe kuwasha jiko langu mara moja tu. Nipike uji, hawa wenzangu wanywe, waende makwao. Mume wangu amesimama mno."

Waziri aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Ukiwasha, hawa watainuka?"

"Ndiyo. Mila ndivyo ilivyo."

"Na wakiinuka, mgeni atakuta baraza tupu?"

"Atakuta baraza, Mheshimiwa."

"Mama yangu," akasema Makubuli, na nilisikia kwamba hakuwa anatania, sauti yake ililainika kabisa, "mumeo sasa anaitumikia nchi. Wangapi wanapata nafasi hiyo wakiwa wamekufa? Mwache asimame."

Basi tukakaa. Mvua ilitukuta barazani, na jua likatukausha palepale. Wageni walikuja wakala chakula cha msiba, wakatupiga picha, wakashusha pumzi, wakauliza ufunguo wauache wapi, wakaenda. Nilikuwa namwonea huruma Bi Sikudhani, na nilisikia uchungu kweli. Kisha nikachoka. Ganzi huanzia miguuni, mtu akidhani ni ya kukaa vibaya, ikapanda taratibu, na ikishafika kifuani hata mbu huihisi, akaenda kwa mwingine. Kuna siku niliulizwa na mke wangu ni nani hasa aliyekufa, nikalazimika kufikiri.

Bi Sikudhani hakusahau. Kila mlango ulipofunguliwa, yeye alisogea kidogo upande, kama mtu anayempisha mwenzake. Na kila mara akagusa pindo la kanga.

Akaja mgeni mmoja mwanamke, mtu mzima, peke yake, jina lake Ragna. Lugha yetu aliizungumza polepole, neno moja akilipima kabla ya lingine. Alikuja na kisu chake mwenyewe. Chumvi pia alikuja nayo. Bwana Ngwatu alikaa chini ya dirisha tangu asubuhi bila kupata hata mguno mmoja, akaanza kuogopa kwamba sikio la pili nalo limeziba.

Chakula kilipowekwa mlangoni Ragna hakukichukua. Alitoka, akaketi ukingoni mwa jamvi letu, magoti yakimlalamikia. Alikaa nasi mpaka chakula kikapoa. Kisha akamgeukia Bi Sikudhani.

"Mama, wewe unataka nini?"

Bi Sikudhani alitazama kushoto, akatazama kulia, kuona anayeulizwa. Mama Semeni aliacha kuhuzunika kwa wastani, akakodoa macho. Katika nchi yetu swali hilo lilikuwa halijaulizwa upande wa wenyeji. Bwana Ngwatu alisogeza kigoda.

"Mimi?"

"Wewe."

"Nataka jiko liwashwe," akasema Bi Sikudhani. Sauti ilikuwa imelala siku nyingi, ikatoka na kutu. "Upikwe uji wa mtama. Tunywe wote. Basi."

Uso wa Ragna ukafunguka kwa furaha. Alikuwa mtu mwema, nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Alikuwa ameambiwa jambo dogo analoweza kulitenda, na mtu mwema hungoja jambo kama hilo maisha yake yote.

"Ni hilo tu?" akasema, akainuka.

Bi Sikudhani naye akainuka nusu, mkono umenyooshwa, vidole vimejikusanya kana kwamba tayari vimeshika kiberiti. Ragna aliushika mkono ule, akaubembeleza, akaurudisha chini.

"Kaa, mama. Umechoka. Nitawasha mimi."

Nilimtazama Ngwatu. Ngwatu aliipitia sheria moyoni, midomo ikichezacheza. Mkono wa mgeni, jiko la wageni. Kosa halikuwepo. Tukasikia kiberiti kikikwaruzwa, mara moja tu, maana vibiriti vya wageni ni vikavu. Moshi ukatoka kwenye lile tundu linalotazama mashariki. Bi Sikudhani akautazama mpaka ukapata njia yake vizuri. Kisha akakaa.

Uji uliletwa kwenye sinia, bakuli kwa kila mmoja. Ulikuwa na mabonge. Mtu ambaye hakuzaliwa na mtama hawezi kulaumiwa kwa hilo. Hakuna aliyenyanyua bakuli. Wote tulimtazama Bi Sikudhani, na kila mmoja wetu alijua hesabu ilivyokaa. Asipokunywa, Mzee Machaku atasimama mlangoni milele, akitazama watu wakimvunjia samaki. Akinywa, matanga yameanuliwa, mume yuko huru, na nyumba ina mwenyewe mwingine.

Ragna alikuwa anatabasamu, anangoja kuona kama tamu.

Bi Sikudhani akashika bakuli kwa mikono miwili. Akanywa. Hakusita, hakupumzika katikati, akanywa mpaka mabonge, akalirudisha bakuli kwenye sinia.

"Mzuri," akasema.

Nasi tukanywa. Tulipomaliza nilisimama, miguu inanichomachoma, nikaanza kukunja jamvi. Mama Semeni akakamata pembe ya pili.

"Mnakwenda wapi?" Ragna akauliza. "Nimekosea nini?"

"Hujakosea, mama. Tunakwenda makwetu," nikamjibu. "Matanga yameanuliwa."

"Matanga ya nani?"

Kumbe hakuna mgeni aliyewahi kuambiwa. Nikamwambia. Ya mwenye nyumba hii, aliyelijenga jiko lile, mume wa huyu aliyesifu uji wako. Nikamweleza kuhusu kiberiti pia. Sijui kwa nini nilimweleza. Pengine ganzi ilikuwa inashuka, na ganzi ikishuka huuma kuliko ilivyopanda.

Ragna akaweka kiganja mdomoni, na nyuma ya kiganja ikatoka sauti. Bwana Ngwatu alivua kofia akasimama nayo. Haikuwa mguno, haikuwa "aah". Nasikia wizara bado inakaa vikao kuijadili, na kwamba Mheshimiwa Makubuli amependekeza isitungiwe sheria mpaka isikike tena kwa mgeni wa pili.

Bi Sikudhani hakuingia katika hayo. Alikwenda mpaka kizingitini, akasogea upande kidogo, akangoja kitambo, kama mtu anayempisha mzee mwenye mwendo wa taratibu. Macho yake yakafuata njia ya kwenda barabarani. Alipoona imetosha, alijifunga kanga vizuri, akalifungua pindo, akautoa ule ufunguo wa zamani. Akamgeukia Ragna na kuunyoosha kwa mikono miwili, kwa adabu zote za mtu aliyekaribishwa vizuri.

"Asante, mwenyeji," akasema. "Ufunguo niuache wapi?"